Watengeneza mabango ya filamu za kutisha, mwacheni bibi

Ndugu Mhariri,

Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na nakuomba usinikate sana maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu na nikilifupisha halitaeleweka. Mimi nafanya kazi ya kudizaini hapa hapa Dodoma mjini, natengeneza mabango ya maduka, kadi za harusi, tisheti za vikundi, stika za bodaboda, na mara moja moja kava na mabango ya filamu za vijana wetu wa huku kanda ya kati, kwa hiyo haya ninayosema nayasema kama mtu wa kazi hiyo hiyo. Na filamu za kutisha sizichukii, nazipenda kuliko hata za mapenzi.

Kuna bango la filamu ya kutisha limebandikwa sehemu nyingi za mji, ukiwa Majengo sokoni utaliona ukutani, ukija Jamatini utaliona tena kwenye nguzo. Jina la filamu silitaji na aliyelitengeneza simtaji, maana mabango ya namna hii ni mengi na yanafanana, ukiondoa jina la filamu moja ukaweka la nyingine hakuna atakayeshtuka. Wacha nilieleze kwa ambao hawajaliona. Katikati kabisa kuna uso wa bibi kizee umejaa karibu nusu ya karatasi, ngozi imekunjamana, meno mawili, macho mekundu yameongezewa wekundu kwenye kompyuta mpaka yanawaka. Kushoto fuvu, kulia bundi. Chini kuna kijana anakimbia, msichana analia, mwingine kapiga magoti ameshika kisu kinachodondosha damu, halafu kuna moto, halafu makaburi yenye misalaba, halafu juu mwezi umejaa na popo wanapita. Waigizaji wote wamepangwa pembeni kila mmoja na sura yake. Jina la filamu limeandikwa kwa herufi zinazochuruzika damu, na chini namba za simu.

Sasa tuliangalie kama watu wa kazi. Jicho halina pa kutua. Mtu anapita na bajaji au bodaboda, ana muda mchache sana wa kutazama ukuta, na katika muda huo umempa vitu kumi na vyote vinapiga kelele sawa, kwa hiyo hasikii hata kimoja. Halafu mwanga. Bibi kamulikwa kwa chini, ule mwanga wa tochi chini ya kidevu ambao hata watoto wanautumia kutishana umeme ukikatika, lakini yule kijana anayekimbia kapigwa picha saa sita mchana, jua la Dodoma unaliona hadi kwenye paji la uso na kivuli chake kimejikunja miguuni, na hapo hapo mwezi uko nyuma yao. Mpita njia hajasomea dizaini lakini jicho lake linajua hawa watu hawakuwahi kuwa sehemu moja, na likishajua hivyo hofu imeisha, inabaki vurugu tu. Na zile herufi za damu zinamwamuru mtu aogope, hazimwogopeshi. Mimi nikiona jina la filamu limeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, nyembamba, zimeachiana nafasi, kwenye karatasi nyeusi, hapo ndo nasimama kuangalia maana najiuliza hawa wamenyamazia nini.

Najua inavyotokea mpaka bango likafika pale. Prodyuza anakaa pembeni ya kiti chako anakuambia ongeza moto, ongeza damu, huyu msanii mkuze maana amechangia hela ya chakula lokesheni, na huyu naye usipomweka atanuna, na wewe unaongeza leya juu ya leya, yaani picha juu ya picha kwenye faili, maana kodi ya fremu haisubiri. Hofu ya prodyuza naielewa, katumia hela yake na anataka mtu akiona bango ajue kila kitu kilichomo. Lakini filamu ya kutisha ndo filamu pekee ambayo mtu anatakiwa asijue. Ukishamwonyesha jini lote ukutani, anaenda kuangalia nini?

Tuangalie wenzetu walivyofanya. Bango la The Exorcist, filamu ya Marekani ya mwaka 1973, lilitengenezwa na Bill Gold, mzee ambaye alikuwa ameshatengeneza mabango tangu enzi za filamu ya Casablanca. Ile filamu ina mtoto wa kike aliyepagawa, ina mambo ya kutisha ambayo prodyuza yeyote wa huku angetaka yawekwe mbele. Gold hakuweka hata moja. Kaweka mwanaume kavaa kofia, kashika begi, kasimama nje ya nyumba usiku chini ya taa ya barabarani, mweusi tii humwoni sura, na dirisha la juu linatoa mwanga unaomwangukia. Basi. Ile picha imetokana na michoro ya René Magritte wa Ubelgiji, ambako chini ni usiku na taa inawaka barabarani lakini anga la juu ni mchana. Sasa angalia alichokifanya, kachukua mwanga, kitu ambacho sisi wote tunakikimbilia tukiogopa, akakifanya kiwe ndo kinatoka kule kwenye hatari. Giza liko upande wetu na upande wa yule mwanaume, mwanga uko upande wa kitu ambacho hatujui ni nini, na yule mwanaume amekuja kuingia humo ndani na begi lake. Hapo hakuna damu wala fuvu, na mpaka leo watu wanalikumbuka.

Au lile la Alien la 1979. Yule mnyama wa kwenye ile filamu alibuniwa na H. R. Giger wa Uswisi na ni wa kutisha kweli, wangeweza kumjaza bango zima. Wameweka yai. Yai moja kwenye giza, limepasuka kidogo kwa chini, na kwenye ufa unatoka mwanga wa kijani. Na sentensi moja, kwamba angani hakuna atakayekusikia ukipiga kelele. Yai kila mtu analijua, liko jikoni kwake, kwa hiyo hofu inaanzia kwenye kitu cha nyumbani, halafu ule ufa unakuuliza kinachotoka ni nini na jibu hupewi mpaka ununue tiketi.

Kuna mtu atasema mbona lile la papa, Jaws la mwaka 1975, limemwonyesha mnyama mzima mzima na meno yote. Ni kweli, na mimi nalipenda sana, naomba niseme kidogo. Mchoraji ni Roger Kastel, alilichora kwa ajili ya kava la kitabu kwanza, ndo baadaye likawa bango la filamu, na alienda jumba la makumbusho ya viumbe kule New York kuangalia papa wa kuchora. Juu kabisa kuna mwanamke anaogelea, mdogo, ametulia. Chini papa mkubwa kuliko uhalisia anapanda wima, mdomo juu. Lakini ukiliangalia vizuri hofu haiko kwenye meno, iko kwenye yale maji yaliyobaki kati ya papa na yule mwanamke. Hajafika bado. Na yule mwanamke hajui, sisi tunajua, na hatuna namna ya kumwambia. Ukichukua lile bango ukamwongezea damu kwenye maji na boti inawaka moto na sura za waigizaji pembeni, lile pengo limekufa, na filamu imekufa nalo.

Na niwe mkweli pia kwamba kujaza bango sio kosa kila mahali. Ghana miaka ya 1980 na 1990 walikuwa na mafundi wanachora mabango ya filamu kwa mkono kwenye magunia ya unga, kwa ajili ya wale waliokuwa wanazunguka vijijini na televisheni, deki na jenereta. Wale wamechora vichwa vinakatika, majoka yanatoka tumboni, vitu ambavyo hata kwenye filamu havimo maana mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona. Lakini ule ni mkono wa mtu mmoja, mwanga ni mmoja, rangi ni zake, na unaona raha aliyokuwa nayo wakati anachora, kwa hiyo vitu kumi vinakuwa kitu kimoja. Leo yale magunia yananunuliwa na watu wa majumba ya sanaa. Sisi tunachofanya ni kukata picha za intaneti na kubandika. Vibanda umiza vyetu navyo vilikuwa na watu wanaandika kwa chaki ubaoni nje jina la filamu na muda, na ule ubao wa chaki wakati mwingine ulikuwa unatisha kuliko haya mabango.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike, maana yote niliyosema hapo juu ni ya ufundi na ufundi mtu anaweza kujifunza taratibu. Yule bibi.

Hofu isiyo na sura inabaki ndani ya filamu, mtu akitoka ukumbini anaiacha humo. Hofu ukiipa sura ya mtu, mtu anatoka nayo anaanza kuangalia nani anafanana. Na hapa kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu sio kiumbe cha kubuni, yupo, anaishi nyumba ya pili. Shinyanga, Mwanza, Geita, Simiyu, Tabora, huko kote kuna vikongwe waliouawa kwa kukatwa mapanga kwa sababu mtu alisema macho yao mekundu ni ya kichawi. Hilo neno mauaji ya vikongwe limesomwa kwenye taarifa za habari za nchi hii miaka na miaka, kila Mtanzania mtu mzima analijua. Na macho yalikuwa mekundu kwa nini? Moshi. Mwanamke kapika kwa kuni au kwa mavi ya ng'ombe makavu tangu binti, kwenye jiko halina dirisha, akifika miaka sabini macho yatakuwaje?

Na huku kwetu kuna kingine juu ya moshi, kuna trakoma, ule ugonjwa wa vikope. Wilaya ya Kongwa watafiti wa macho wamekaa miaka mingi sana kwa sababu ya huo ugonjwa, tangu miaka ya 1980, na Dodoma yote inaujua. Unaambukizwa kwa vidole, kwa kitambaa, kwa nzi wanaotua kwenye macho ya watoto, na wanawake wanaupata zaidi ya wanaume kwa sababu wao ndo wanashinda na watoto. Unarudi na kurudi, ndani ya kope panakuwa na makovu, kope inajikunja kwa ndani, nywele za kope zinakwaruza jicho kila akipepesa. Kila akipepesa! Mtu anaishi hivyo miaka. Jicho linakuwa jekundu, linatoa machozi, mwisho linapofuka. Dawa zipo, zinagawiwa vijijini, upasuaji wa kope upo, na kunawa uso kwa maji safi kunasaidia. Sasa bibi wa namna hiyo kaletwa mjini na mjukuu wake kutibiwa macho, anashuka kwenye basi na kanga yake, na kitu cha kwanza ukutani ni sura inayofanana na yake, imejaa nusu ya karatasi, imeandikwa juu kwa herufi za damu. Na mjukuu ameiona. Na watoto wa pale mtaani wameiona, kesho wataimba nini wakimwona bibi wa jirani?

Najua nitaambiwa ni filamu tu, watu wanajua ni filamu. Filamu yenyewe labda. Kwenye filamu huyo bibi anaweza akawa na hadithi, labda mwishoni inagundulika kasingiziwa, labda yeye ndo anawaokoa, sijui, na mwandishi wa skripti ana haki yake. Bango halina mwishoni. Bango linasema jambo moja, kwamba kinachotisha ni huyu, na linalisema mchana kutwa kwa mtu ambaye hakununua tiketi. Bodi ya Filamu inaipangia filamu daraja, kwamba hii ni ya umri fulani, kuna sheria yake tangu mwaka 1976. Ukuta hauna daraja. Mtoto wa chekechea anapita pale kila siku asubuhi.

Na sio bibi peke yake. Nimeona mabango yenye mtu mwenye ugonjwa wa akili, nywele timtim, kafungwa mnyororo, anacheka, na sisi watu wa Dodoma ambao hospitali ya Mirembe iko kwetu na tuna ndugu zetu waliotibiwa pale wakapona wakarudi kazini tulitakiwa tuwe wa kwanza kusema hapana. Nimeona moja yenye mtu aliyepaushwa ngozi kwa kompyuta mpaka anafanana na mtu mwenye ualbino, kwenye nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Dizaina aliyefanya vile sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anatafuta rangi itakayotisha. Lakini rangi ina historia mahali inapobandikwa, na sisi tunabandika hapa.

Watu wananiuliza sasa kama tukiondoa bibi, fuvu na makaburi tutaweka nini, hofu ya Kiafrika ni ipi. Kwanza makaburi ya misalaba iliyoinama na popo na mwezi uliojaa tumeyachukua kwenye filamu za wazungu. Huku pembezoni, Nkuhungu huko au vijijini ukielekea Bahi, kinachomfanya mtu afunge mlango haraka ni fisi akilia karibu kuliko kawaida. Ni mbwa aliyekuwa anabweka halafu akanyamaza ghafla. Ni mtu anaita jina lako nje usiku na wakubwa wamekufundisha usiitike mara ya kwanza. Hivyo vyote havina sura.

Pili, tuna walimu wetu na wako mkoa huu huu. Ukipita Kondoa mjini unaelekea Babati unafika Kolo, kule kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kwenye zile kuta watu wamechora kwa miaka isiyopungua elfu mbili. Kuna mchoro mmoja pale ambao mimi naweza kuuzungumzia mpaka usiku. Ni watu watano wamechorwa kwa rangi nyekundu, warefu wembamba kuliko binadamu yeyote, na wa katikati kashikwa mikono huku na huku. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuja na mumewe kuinakili ile michoro mwaka 1951, alidhani ni mtu anatekwa, wa upande huu wanamvuta na wa upande ule wanamvuta, wengine baadaye wakasema hapana, hilo ni tambiko au ngoma. Na ndo nguvu yake ilipo, hujui. Nyuso hazina macho wala mdomo. Hakuna damu, hakuna silaha, hakuna anayepiga kelele. Ila miili imerefushwa kidogo kupita kawaida na mikono imeshikana kwa namna ambayo huwezi kusema ni upendo au ni nguvu, na kuzunguka wao ni jiwe tupu. Yule mchoraji aliacha nafasi. Nilisimama pale na kundi la wanafunzi wa sekondari, wale watoto walikuwa wanapiga kelele njia nzima, wakafika mbele ya ule mchoro wakashusha sauti bila mwalimu kuwaambia.

Kuna jambo la rangi hapo ambalo naomba wenzangu wa kazi walisikilize. Wekundu wa Kolo ni wa udongo wenye madini ya chuma, jua haliuchoshi. Wekundu wetu wa kwenye printa unatengenezwa kwa majenta, ule wino wa pinki iliyokolea, na njano, na hizo ndo wino za kwanza kukimbia juani, bluu na nyeusi zinabaki nyuma. Jua la Dodoma mnalijua. Bango lote linalotegemea damu, ukilibandika Juni kiangazi hiki kimeanza, mpaka upepo wa Agosti unapiga damu imekuwa rangi ya chai ya maziwa na uso wa bibi umegeuka bluu. Kama unataka bango lidumu, hofu yake iwe kwenye umbo na kwenye nyeusi. Na nyeusi nayo usiache wino mweusi peke yake, itatoka kijivu, changanya na nyingine kidogo ndo inakuwa giza kweli. Halafu lipunguze kwenye simu mpaka liwe saizi ya kidole gumba, maana siku hizi watu wengi bango wanaliona kwanza kwenye stetasi ya WhatsApp, kama kwa saizi hiyo huoni kitu kimoja kinachoeleweka, rudi ukatoe vitu.

Nitoe mfano ili isionekane naongea tu. Tuseme kijana wa Singida anataka kutengeneza filamu ya simba watu, yale mauaji ya miaka ya 1940 ambapo watu walikuwa wanakutwa wameraruliwa na ikasemwa ni watu wanaojigeuza simba, mpaka mahakama za mkoloni zikahukumu watu kwa kuua. Hadithi nzito, na familia za waliokufa bado zipo kule, kwa hiyo kwa heshima yao tu huwezi kuweka mtu mwenye kichwa cha simba anatafuna mkono. Mimi ningechukua mchanga, ule mchanga mweupe wa korongo la huku wakati wa kiangazi, umepigwa picha kutoka juu jua likiwa limelala ili vivuli viwe virefu. Kwenye mchanga kuna nyayo zinapanda kutoka chini ya bango kwenda juu. Za chini ni za simba. Zinaenda zinaenda, na kabla ya kufika juu zimekuwa za mtu, mguu peku. Na zinapoishia ni kwenye kizingiti cha mlango wa tembe, mlango uko wazi, ndani giza. Jina la filamu dogo, pembeni, jeupe. Sura hakuna, kabila hakuna, bibi hakuna, na mtu akishaona nyayo zimebadilika lazima ajiulize aliyeingia humo ndani ni nani na waliomo wanajua. Gharama yake ni ndogo kuliko lile bango la Jamatini, maana unahitaji mchanga, mtu mmoja wa kukanyaga, na mtu wa kuchonga wayo wa simba kwenye ubao ili agonge.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwa wenzangu wenye lile bango ni kwamba toleo la kwanza limeshabandikwa basi, lakini nasikia filamu itazungushwa Manyoni na Singida na mabango mengine yataprintiwa. Kabla hayajaprintiwa naomba mumtoe yule bibi. Kama faili mnalo na leya hazijaunganishwa ni kazi ya jioni moja, na nipo tayari kuifanya mimi bila malipo, na jina la dizaina wenu libaki pale pale, langu msiweke. Na prodyuza mwingine yeyote wa kanda ya kati mwenye filamu ya kutisha aniulizie kupitia gazeti lako, bango la kwanza nitamtengenezea bure, yeye agharamie kuprinti tu. Ila aje na skripti nisome yote, na akubali kwamba sura za waigizaji tutaziweka kwenye kava la nyuma.

Msomaji wako,
Dizaina wa Chang'ombe,
Dodoma